Maoni ya Wanaouguza Nyumbani

Shoga, natoka kwenye mkutano wa maoni kuhusu dodoso la kaya, yale maswali ya serikali ya nyumba kwa nyumba.

Watu wa takwimu wanataka kufuta swali la anayeuguza mtu nyumbani. Nikasimama: "Miaka sita namgeuza mama kitandani, leo mniandike sina kazi?"

Afisa takwimu akacheka. "Dada, hayo ni mapenzi, si kazi. Tena maoni ni kwa maandishi, na kila moja tunalijibu kwa maandishi."

Kila moja! Kasema mwenyewe, kwenye kipaza sauti! Kajipalia makaa!

Nimezoa fomu mia mbili za maoni mezani pake. Kesho nazigawa kwa wauguzaji wote kliniki. Nikamuuliza kwa adabu, "Kaka, kalamu za kutujibia zote unazo?"

Wewe unayemuuguza mkweo, andika kurasa tatu, pamoja na siku aliyokurushia bakuli.