Jiwe la Mama Huku Mlimani

Gran Paradiso, Italia
Agosti 1996

Dada Nafula,

Habari za Kawangware? Huku wanasema ni wakati wa joto, nami nimevaa sweta mbili. Jana yule mama ninayemfanyia kazi alinipeleka kupanda mlima katika mbuga yao ya taifa. Juu hakuna miti, ni mawe tu, na mbuzi-mwitu wenye pembe ndefu wanaokutazama bila woga. Njiani kulikuwa na marundo ya mawe. Nilidhani ni makaburi, basi kila nilipofikia moja nilisimama nikainamisha kichwa.

Mama yule akacheka. “Nekesa, unasalimia nani? Hizo ni alama za njia, tusipotee kwenye ukungu!”

Nikacheka pia. Kisha nikamwambia kwamba mlimzika Mama nikiwa huku, na sikupata kumtupia udongo kaburini kama ninyi wengine. Akaokota jiwe, akanipa. Nililiweka juu ya rundo, nikamtaja Mama kwa sauti. Usiku nililala vizuri.

Wasalimie watoto, wambusu mama yao mdogo hewani. Ukienda nyumbani Desemba, mwambie Mama kitinda mimba wake naye amemzika. Unikumbuke.

Nekesa