Shuka la Bwana Sinema

Sumbawanga,
9 Agosti 1953

Dada Silvana,

Shikamoo. Natumaini wewe na shangazi huko Kirando mnaamka salama. Sisi tu wazima, ila Mama kiuno kinamsumbua. Ulezi umeshaingia ghalani.

Najua umesikia habari za mchumba wako Kasimiri. Unakumbuka mwaka jana ndiye aliyemleta bwana wake wa kazi, Bwana Sinema wa gari la serikali, uwanjani kwetu, naye huyo akampiga Baba picha za sinema akicheza ngoma ya mavuno. Masika ilipofika Baba akafa. Mdomo wangu unaujua: kisimani nikasema Kasimiri ameuza kivuli cha Baba, ndiyo maana akafa, na watu wakaamini.

Mwezi uliopita Bwana Sinema akarudi na jambo jipya. Alitaka picha zionekane kwenye shuka, wachezaji wa ngoma wacheze mbele ya shuka hilo, na Kasimiri achore vilima vyetu pembeni mwa shuka lilo hilo. Mzee Zenon jirani yetu alisema serikali haitoi burudani ya bure, lazima kuna kitu inakitafuta. Nami nikaitikia.

Jua lilipozama, Baba akatokea kwenye shuka, bega lake la kushoto juu kama kawaida yake. Wachezaji wakamfuata hatua kwa hatua. Mama akamwita kwa jina, asigeuke. Nikasadiki kuwa wamemfungia mle.

Mara shuka likapasuka katikati, watu wakatawanyika. Kasimiri alikutwa nyuma yake na kisu mkononi. Hakujitetea. Bwana Sinema akamfukuza kazi, na Mama amesema Jumapili ijayo jembe lake la posa lirudishwe kwao, uchumba wenu uvunjike.

Dada, kisu kilikuwa changu. Nilizunguka nyuma nikapasua shuka ili Baba atoke. Hakutoka. Mwanga ulipita kwenye tundu ukaniangukia, Baba akacheza kwenye gauni langu jeupe. Nikamshika, nikashika kitambaa. Hapo nikajua kuwa hakuna aliyefungiwa wala aliyeuzwa. Kasimiri aliniona, akaninyang'anya kisu, akaniambia nikimbie, kwani hawezi kumwaibisha mdogo wake Silvana.

Nimeona haya. Jembe nimelificha chini ya ulezi, Mama analitafuta tangu juzi. Jumapili nitalitoa mwenyewe mbele yake na Mzee Zenon, niseme yote. Usimwandikie Kasimiri neno baya.

Nisalimie shangazi na wenzako mnaoanika nao dagaa. Mama anakusalimu, naye bado hajui.

Ni mimi mdogo wako mkosaji,
Bertilla