Kikohozi cha Shehe

Mjukuu wangu, mume wangu Hamisi,

Salamu zako zimefika, marahaba. Kitomanga hatujambo, korosho zimeanza kudondoka.

Unauliza kama ufuatane na wenzako wa huko Dar kumpiga kijana aliyemwigiza shehe wenu mtandaoni. Usiende.

Nilipokuwa msichana, kwenye matanga ya babu yangu, mtani wetu alivaa kanzu akaiga mawaidha ya shehe, mpaka kikohozi chake. Vijana wakakimbilia fimbo. Shehe akawapita, akamwambia mtani, "Kikohozi hujakipatia. Sikiliza." Akakohoa. Wafiwa walicheka hadi wakajifuta machozi, na fimbo zikaishia jikoni.

Tangu hapo, nikimwona mtu kabeba fimbo kuitetea dini, najiuliza ni kikohozi gani kilichomtisha.

Mkeo mkongwe,
Bibi Zuhura