Chawa wa Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Meli inakuja Jumanne ijayo. Msimamizi amesema jina langu limo kwenye orodha ya wanaoondoka, na nisimuulize tena.

Nimempigia mke wangu. Upepo unakatakata simu. Nimemwambia naja. Akasema neno hilo alilisikia Juni, akalisikia Desemba, safari hii ataamini akiona viatu vyangu mlangoni. Binti yetu ameanza kutembea. Alizaliwa nikiwa huku. Akisikia sauti yangu huibusu simu, kisha huifuta mate kwa gauni. Mama yake anasema mtoto ana adabu kuliko baba.

Kazi hapa kituo cha utafiti ni ileile. Kufagia mabwawa, kubeba samaki, kuwashika sili Daktari akiwachoma sindano. Sili wako wanne. Mke wangu ameuliza tena ni mnyama gani. Kichwa cha mbwa, mwili wa gunia lililolowa, miguu hakupewa. Anasema natunga.

Jumanne, 5 Machi

Shangazi amekataa samaki. Huyu ni sili jike, mzee. Tumempa jina hilo kwa sababu hulalamika tangu asubuhi na hakuna kinachomridhisha.

Nilimkaba shingo, Daktari akamtoa damu. Nikaona chawa chini ya mapezi. Wakubwa, wana kucha kama kaa. Daktari akawafurahia kama wageni waliokuja na mzigo. Akanieleza. Chawa hawa huzama na sili hadi kilindini na hurudi naye wazima. Wa kwetu hata beseni linamshinda. Wakinyonya damu ya mgonjwa hubeba virusi, wakihamia kwa sili mwingine humpelekea. Labda. Hiyo labda ndiyo kazi yake, ameifuata miaka. Damu ya Shangazi ina kirusi ambacho hakijawahi kuonekana hapa. Akikipata na ndani ya chawa wake, basi njia imejulikana. Ijumaa atakuja kuwachukua.

Nikamuuliza kama kinadhuru mtu. Akasema hajui. Aliyesoma akisema hajui, mimi nani.

Nimemsimulia Waziri. Ni fundi wa pampu, tunakaa chumba kimoja, jina amelipata kwa kuongea. Akasema hapa kituoni anamjua chawa mmoja tu, yule anayembebea msimamizi mkoba. Tumecheka mpaka ukuta ukagongwa.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimefanya kazi ya maana.

Shangazi alikuwa akijikuna ukutani mpaka ngozi inatoka damu. Sikuweza kutazama tu. Kwetu nilikuwa kwenye josho. Ng'ombe akiwa na kupe unamwogesha, huitishi kikao. Stoo kuna dawa ya mbwa wa mlinzi. Nikaichanganya kwenye ndoo, nikamkumbatia kwa mkono mmoja, nikamsugua kwa mwingine. Aling'ata koti langu, akanipiga pezi la shavu. Chawa wakadondoka kama ufuta.

Nikawaogesha na wale watatu. Ukiosha mmoja ukawaacha wenzake umefanya nini? Kisha mpira wa maji, kila kitu mferejini. Lakini Daktari sikumsahau. Nimemwekea chawa wake kwenye chupa, nusu nzima. Wamekufa, ila wako wengi. Kesho hatainama hata kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempa chupa.

Akaitazama. Akauliza kama hawa ndio wote. Nikasema wote, wa sili wote wanne, nimewakagua mmoja mmoja. Akageuza ndoo akaikalia. Akauliza ni dawa gani. Nikamtajia. Akasema aliwataka hai. Hawa dawa imewaingia, kilichokuwa ndani yao kimeharibika.

Nikasema watakuja wengine. Akasema sili wa nje wana chawa wao, ila kirusi amekiona kwa Shangazi peke yake.

"Kaka, ungeniuliza tu," akasema. Pole pole hivyo. Halafu akaingia ndani.

Msimamizi alinifokea badala yake, kwa ukamilifu, mpaka kwa mama yangu mzazi. Daktari akatoka kumwambia aniache. Waziri anasema afadhali Daktari ndiye angenitukana. Kweli.

Shangazi amekula samaki ndoo nzima. Habari hiyo sikupata wa kumpa.

Jumapili, 10 Machi

Nilikuwa nafua ili nifunge begi. Tangu jana mkono unawasha, ndani ya kiwiko kuna alama nyekundu. Nikasema ni koti. Nikaligeuza mkono ndani nje. Kwenye mshono, chawa. Hai. Mnene, tumbo jekundu. Aliponusurika kwa Shangazi alihamia kwangu, nami nikamlea siku tatu bila kujua.

Nikamfunika na glasi. Waziri akaja kutazama. Akatazama chawa, akatazama mkono wangu, akakaa mbali kidogo.

"Mponde," akasema.

Sheria tunaijua wote, imebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Aliyeumwa na mdudu wa wanyama hapandi meli mpaka damu yake ipimwe mara mbili. Damu inapelekwa na meli. Majibu yanaletwa na meli. Ijayo ni Juni.

Nikamwambia huyu ndiye chawa pekee wa Shangazi aliyebaki duniani.

"Ndugu yangu, chawa ni mmoja na mke ni mmoja. Chagua." Kisha akageukia ukuta. Akasema yeye amelala tangu saa ile, hajaona kitu.

Sikumponda. Nimemtia kwenye chupa ya dawa za kichwa, nimetoboa kifuniko. Homa sina. Nimejipapasa kipaji cha uso mara nyingi mpaka kimepata joto.

Jioni mke wangu kapiga. Amepaka chumba rangi. Binti siku hizi akibebwa hung'ang'ania shingo na kumtafuna mtu sikio, amewamaliza majirani wote, sasa amebaki baba. Nikasema vizuri. Akauliza mbona sauti yangu hivyo. Nikasema upepo.

Jumatatu, 11 Machi

Yuko hai bado. Mimi pia.

Jumanne, 12 Machi

Meli imefika tangu asubuhi. Waziri amelipeleka begi langu gatini bila kuombwa. Nimemwambia naenda kumuaga Daktari, narudi sasa hivi.

Njia nzima nilikuwa nalipanga neno. Sitasema mkono. Sitasema koti. Nitasema nimemwokota ukingoni mwa mfereji. Yeye apate chawa wake, mimi nipate meli, na kama nina kitu mwilini, kuna hospitali na kwetu. Nilipofika kwenye binti anayetafuna masikio sikuendelea kuwaza, nilitembea haraka.

Nikampa chupa. Nikasema mfereji. Akanishukuru. Aliipokea kwa mikono miwili, na mimi nikaangalia viatu. Akaweka kiti vizuri, akawasha taa, akamtazama kwenye hadubini. Muda mrefu.

"Huyu ameshiba," akasema.

Nikasema Mungu mkubwa.

"Ana damu mbichi tumboni. Ya juzi, au ya jana." Hakuinua kichwa. "Sili wote umewaogesha Alhamisi, na tangu hapo hakuna mnyama mwingine aliyeingia. Amekula kwa nani?"

Nikafungua mdomo. Akaniambia nisijibu haraka. Akasema jibu lolote nitakalompa ataliandika kama lilivyo, hataniuliza mara ya pili, kwa hiyo nikae kwanza, yeye ananawa mikono.

Ndipo nilipo. Kwenye benchi lake, naandika. Meli imepiga honi moja. Dirishani namwona Waziri gatini, amesimama juu ya begi langu ili aonekane, anapunga mikono yote miwili. Yeye ni mtu mzito, begi lina kioo ninachompelekea mke wangu.

Bomba linamwaga maji chumba cha pili. Ananawa kama mtu mwenye siku nzima.

Nimekunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko. Nimeushusha. Honi ya pili. Nimeukunja tena.

Bomba limefungwa.