Maneno Mia Moja Arobaini na Nane Yasiyojibiwa

Kiwanda cha Matofali,
Nyuma ya kituo cha mafuta,
S.L.P. 318.

14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko na baridi yenu? Wifi hajambo? Mgongo wake umepata nafuu, au bado anabeba pacha wote wawili kwa mpigo kama magunia? Na hao wanangu wameshaota meno ya mbele?

Sisi huku ni wazima, tunashukuru. Mama presha imetulia, na juzi alitembea mwenyewe mpaka dukani kurudisha sabuni aliyosema haitoi povu. Akabadilishiwa. Shemeji yako naye hajambo, ila amestaafu ualimu bila kustaafu kusahihisha watu. Kiwanda kinakwenda, mashine ya tatu imeanza kazi, sasa tunafyatua matofali 2,100 kwa siku, yanavunjika kama 40.

Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo, wewe umeshajibu. Barua haikatizwi. Kaa chini usome mpaka mwisho, maana nina furaha kubwa ya kukupa, lakini kwanza nina ugomvi na wewe.

Mpwa wako, kitinda mimba wangu, unajua ana ukurasa wake mtandaoni wa kuonyesha kazi zake za vigae. Siku hizi hata hapa nyumbani tunamwita Fundi. Unajua pia kwamba mguu wake wa kushoto ni mfupi tangu kuzaliwa, na kwamba haujawahi kumzuia kitu, maana vigae vinapangwa kwa magoti, na magoti yake yote mawili ni mazima.

Kilichotokea mwezi uliopita unakijua nusu. Jamaa mmoja mwenye wafuasi wengi alichukua video yake, akakata sekunde saba tu, zile anazotembea na ndoo ya saruji, akaandika kwamba sakafu ya kiwete lazima ipinde kama yeye. Watu wakamiminika kwenye ukurasa wa mtoto. Jumanne walianza, kufikia Ijumaa yalikuwa maneno 1,140, kila ujumbe nauita neno moja. Wengine walicheka mguu. Wengine walisema mwanamke akishika mwiko wa saruji nyumba ina mkosi. Wengine walisema watu kama yeye wafichwe ndani.

Ijumaa hiyo akaufunga ukurasa, watu wasiuone wala wasiandike tena. Akasukuma mwiko na pimamaji chini ya kitanda, akaja ofisini kwangu, akasema ameacha ufundi, nimpe kazi ya kuhesabu matofali. Mdogo wangu, miaka kumi nimetafuta mtoto wa kunirithi kiwanda, na siku aliyojitolea mmoja ndiyo siku niliyolia.

Mimi mwanzoni sikuelewa. Nilimwambia, "Mwanangu, mimi nilipoanza na kalibu moja ya mbao ya kufyatulia nilitukanwa sana, mbona sikuacha?" Akanijibu kwa upole, "Mama, walikuwa wangapi?" Nikakumbuka. Walikuwa sita. Niliwajua kwa sura, na jioni walikwenda kwao wakaniacha nile chakula changu. Wa kwake hawaendi kwao. Anaamka nao mkononi.

Basi nikasema kama ni hivyo, tuwahesabu. Nilitaka ushahidi wa kupeleka polisi, kwa sababu mmoja wao alikuwa ameandika kwamba anaijua nyumba ambayo mtoto anafanyia kazi na atakuja kuuvunja na ule mguu mwingine. Hilo si tusi, hicho ni kitisho, na kitisho hakisubiri.

Tulihesabu mchana wa Jumamosi na wa Jumapili, pale ofisini. Mtoto alitupa simu yake na kuondoka, hakutaka kusikia. Shemeji yako alisoma, mimi niliandika kwa chaki kwenye ubao wa mzigo. Kila jina mara moja, kisha vijiti. Alisoma kama anaita majina darasani, na likitokea tusi lenye makosa ya tahajia alilisahihisha kwanza ndipo tuendelee. Nilicheka mpaka chaki ikavunjika. Sikutegemea kucheka.

Hesabu ikatoka hivi. Matusi 702. Nikaangalia majina: watu 94 tu. Nikaangalia tena: watu kumi na mmoja walikuwa wameandika 388, zaidi ya nusu. Kumi na mmoja, mdogo wangu! Hawajazi hata bodi ya lori langu dogo. Mtoto alidhani ni dunia nzima, kumbe ni watu wa kukaa kwenye benchi mbili.

Vicheko na watu wa kuitana waje kuona: 229.

Sasa hapa ndipo ugomvi wetu. Sisi wenyewe, ukoo mtukufu, tulikuwa tumeandika mara 61. Shemeji yako 14, ambayo aliyasoma kwa sauti ndogo sana. Mama tisa! Eti anaiambia simu nayo inaandika. Mtu mmoja Mama amemwambia akaoge, mwingine amemuuliza kama mama yake anajua yuko wapi. Mimi sifuri, kwa sababu simu yangu ni ya vitufe. Wewe 38.

Najua ulifanya kwa uchungu. Lakini niliyasoma yote 38. Mmoja ulimwita kipofu. Mwingine ulimwambia ana akili za punguani. Sasa kipofu na punguani wamekukosea nini, ukimtetea mtoto mwenye mguu mfupi? Na kila ulipojibu, wale kumi na mmoja walirudi watatu watatu, wamefurahi kupata mtu wa kucheza naye. Jamaa wa video akayapiga picha maneno yako, akaandika, "Oneni familia yake." Mtoto aliniambia matusi ya wageni aliyameza, ila picha ile ilimkaba.

Nikajumlisha: 702, 229 na 61. Jumla 992. Lakini yote ni 1,140. Nikamwambia shemeji yako, "Mwalimu, umeruka kurasa. Nakosa 148."

Akasema, "Sikuruka, mke wangu. Hayo mengine hayana pa kuyaweka. Ni watu wazuri."

Yasome tena uone nilivyokaa chini. Maneno 148 ya watu wazuri! "Hongera dada." "Kona hizo umezikata kwa mashine gani?" "Mpo wapi, nina bafu." Na katika siku zile nne, sisi tuligombana mara 61, na kuwashukuru watu wazuri mara sifuri. Tulikuwa tumewapa mgongo, tunapigana na benchi mbili.

Kati yao alikuwapo mtu aliyeandika: "Sakafu hii ina mteremko gani kuelekea tundu la maji?" Wewe ukadhani naye anacheka sakafu iliyopinda. Ukaangalia jina lake, ukaona si la huku, ukamwandikia arudi kwao akapime miteremko ya huko.

Mdogo wangu, tulifungua ukurasa wake: yule ni msimamizi wa ujenzi wa wodi ya wazazi. Alikuwa anatafuta fundi wa mabafu manane na korido.

Nilikwenda kumwita mtoto, nikamwonyesha swali tu, bila jibu lako. Alilisoma mara mbili. Akasema, "Huyu anajua kazi." Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku sita kusikia sauti yake ya kawaida. Ndipo nikamwonyesha na jibu lako. Akafunika uso. Nikamwambia vaa viatu, tunakwenda kuomba radhi, na uchukue pimamaji.

Tulimkuta pale kwenye ujenzi, juu ya rundo la kokoto, ana karatasi za ramani. Nilijitambulisha kwamba mimi ni dada wa yule mtukanaji. Sijawahi kujitambulisha hivyo maishani na naomba nisirudie. Akaniangalia, akasema, "Mama, kwetu ni pale nyuma ya soko. Nirudi kwa miguu au nikodi gari?"

Tukacheka, mimi kwa aibu. Kisha akasema, bila hasira, kwamba ameambiwa arudi kwao tangu darasa la kwanza, na aliyevuka mpaka ni bibi yake. Yeye angevuka kwenda wapi? Nikasema samahani, kwa niaba yako na yangu. Akaipokea. Halafu akamgeukia mtoto: "Sasa swali langu, Fundi. Mteremko gani?"

"Sentimita moja na nusu kwa kila mita," akajibu. "Kwenye bafu la wazazi ningeweka mbili, maana maji ni mengi na mtu ametoka kujifungua, asikanyage dimbwi."

Yule bwana akakunja ramani. Akampa bafu moja la majaribio, siku tatu.

Siku ya nne nilikuwepo. Niliacha mashine zote tatu na watu wake. Yule bwana alimwaga ndoo nzima ya maji mlangoni, tukasimama kama watu wanaosubiri majibu ya mtihani. Maji yalikwenda yote, mdogo wangu, yalikwenda kama yameitwa, yakazunguka tundu yakaingia. Akapita na kitambaa kikavu kwenye kona zote nne, kikatoka kikavu. Akasema, "Mabafu saba yaliyobaki ni yako. Na korido." Nilipiga kigelegele ndani ya bafu, na unajua bafu lisilo na mlango linavyovuma. Mafundi wa juu waliteremka wakidhani mtu kaanguka.

Yale mambo mengine yalikwenda pamoja. Wale kumi na mmoja, shemeji yako alipiga picha kila walichoandika, pamoja na tarehe na saa, akawaripoti kwa wenye mtandao, kisha mtoto akawazuia mmoja mmoja. Sita wameondolewa, watano bado wapo huko, wanapiga kelele kwenye mlango uliofungwa. Yule wa kitisho nilimpeleka polisi. Afande wa zamu aliniambia, "Mama, mwambie binti azime simu." Nikamuuliza, "Afande, mtu akisimama getini kwako na rungu, utazima taa?" Nikamwekea kurasa kumi na nne mezani, zimepangwa kwa tarehe. Akavuta kalamu. Mtu akapatikana kwa namba yake, akaitwa. Mdogo wangu, nilitegemea jitu. Akaja mtu mzima amevaa tai, hata sauti hana, anasema ulikuwa utani. Faili limefunguliwa, na ameandika kwa mkono wake kwamba hatamkaribia mtoto.

Jumatatu asubuhi mtoto aliufungua ukurasa. Akakaa na chai yake kuwajibu wale 148, kwa mpangilio, na Mama pembeni akipendekeza baraka ndefu ambazo hakuna simu ingezimaliza. Mmoja akaandika hivi: "Nimesoma yote waliyoandika juu yako, nikaona wameandika juu yangu. Natembelea gongo. Hii kazi inafundishika?"

Hapo ndipo mimi, mtu wa hesabu, nilipojua hesabu yangu ilikuwa na kosa. Nilikuwa nimeandika aliyetukanwa ni mmoja.

Yule mama ana miaka arobaini na mbili, alikuwa anauza mitumba. Amekuja. Sasa wako wawili kwenye korido, wamepiga magoti bega kwa bega, gongo limeegemea ukuta na uzi umevutwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mita ishirini na nne. Anapenda sana kuongea. Anamwambia Fundi, "Dada mkubwa, kigae chako kimeinua pua," na Fundi, ambaye angeweza kuwa binti yake, anakiangalia na kukigonga. Ukiingia mlangoni huwezi kujua nani mguu wake ni upi. Utaona migongo miwili, na nyuma yao sakafu inang'aa.

Basi ninalokuomba ni hili. Ufute yote 38. Umwandikie yule msimamizi mwenyewe, kwa jina lako, bila maelezo marefu. Shemeji yako atakupa namba. Na siku nyingine ukiona mtoto wetu anashambuliwa, usiwaandikie wao. Mwandikie yeye. Muulize hata habari za mteremko. Yeye ndiye aliyekuwa anatafuta jina lako kwenye ile orodha ndefu, na kila alipolipata, ulikuwa unaongea na mtu mwingine.

Mama anakusalimu, anasema bado ana la kuwaambia watatu, ila tumemnyang'anya simu kwa upendo. Shemeji yako anakusalimu, na ukijibu barua hii uwe makini na herufi kubwa. Nisalimie wifi, na pacha uwabusu mmoja kila upande wasigombane. Mungu awape afya, kazi yenye heshima, na majirani wanaouliza maswali mazuri.

Fundi pia anakusalimu. Nilikwenda kumpelekea chakula leo mchana, nikamuuliza leo wameandika matusi mangapi. Hata kichwa hakuinua. Akasema hajui, hajaangalia tangu asubuhi, saruji ilikuwa inakauka.

Dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekukasirikia,

Mama Matofali