Saa ya Nakonde kwenye Faili Langu

Tunduma,
Jumapili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo hapo Nanyala, na kifua chako kimetulia baada ya baridi ile. Mimi ni mzima, nakuandikia nikiwa nimenyoosha mgongo.

Najua maneno yamewafikia hadi kanisani, kwamba binti yenu kasimamishwa kazi kwa kughushi mhuri wa forodha. Sasa nisikilize mimi.

Hati ya lori moja la shaba ilipigwa mhuri saa tatu asubuhi, nami nikaiskani papo hapo. Lakini programu ya ofisi ilionesha faili lilihifadhiwa saa mbili na dakika chache. Bosi wangu, Mzee Edson, akaniuliza mbele ya wateja nimewezaje kuskani mhuri ambao ulikuwa haujapigwa. Kasiani wa meza ya pili akasema labda Profesa, ndivyo wanavyoniita, huwa anaota mihuri. Wakacheka.

Siku hiyo nikasimamishwa kazi, na nilipokwenda kurudisha funguo niliomba nikae na kompyuta ile mbele yao. Kila faili, Baba, hubeba kumbukumbu zake: ni la nani, nani anaruhusiwa kulifungua, lini lilibadilishwa. Nikafungua ukurasa mweusi wa kuandikia amri, nikatengeneza faili tupu, nikalipa saa ninayoijua kwa amri ya touch, nikalisoma kwa stat. Saa ikarudi ileile. Nikaiambia kompyuta ifuate saa za Zambia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, nikasoma tena: faili limerudi nyuma saa nzima, na hakuna aliyeligusa! Hesabu ya sekunde iliyofichwa ndani, ambayo kompyuta huigeuza kuwa saa, haikuwa imesogea hata kidogo. Ndipo nikairudisha kwenye saa zetu, nikasoma mstari wa tarehe ulioandikwa ndani ya ile hati wakati wa kuiskani. Mwisho wa mstari palikuwa na alama ya saa za Zambia, ambayo programu ya ofisi haiioneshi. Asubuhi ile modemu yetu ilidaka mtandao wa simu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kompyuta ikajigeuzia saa.

Mzee akataka Kasiani aandike amri zilezile kwa mkono wake, yasije yakawa mazingaombwe. Majibu yakaja vilevile. Mzee akasema basi faili limevuka mpaka bila pasipoti, na safari hii nami nikacheka. Aliniomba radhi mbele ya wote. Sasa ukaguzi wa mafaili yote ya ofisi uko mikononi mwangu.

Lakini Baba, Mzee Edson alinieleza pia kwamba siku niliyosimamishwa ulimpigia simu, ukamwomba amsamehe mtoto wako kwa kughushi. Mimi hukunipigia. Najua uliogopa nisije nikafungwa. Hata hivyo nilitoka nje, nikasimama katikati ya malori mpaka machozi yakakauka. Umenisomesha kwa kahawa yako, na hukuniuliza kama nimefanya.

Nakuomba umpigie tena. Mwambie lile ombi la msamaha unaliondoa, binti yako hakuwa na la kusamehewa. Ukiona aibu, anza kwa kumuulizia mke wake, hapo ataongea mwenyewe. Ukimaliza, nipigie na mimi.

Msalimie sana Mama, na mdogo wangu Felix mwambie asome. Mungu awatunze.

Ni mimi binti yako,
Ruti