Neva Zilizopotea Njia

Mkata, Handeni,
5 Oktoba 2025.

Mpendwa mwanangu Mhina,

Pokea marahaba yangu, maana shikamoo yako naisikia hata kabla hujaitamka. Hujambo? Huko Ujerumani baridi imeshaanza? Na kile kikohozi cha mwaka jana kimekwisha? Mimi shangazi yako sijambo kiasi, na hicho “kiasi” ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Kwenye simu huwa nakwambia sijambo tu, tunaagana.

Huku vuli bado. Mahindi ya masika yalitoka machache, mihogo ndiyo inayonilisha.

Mwanangu, mwezi wa pili nilijikata. Nilikuwa shambani peke yangu, nakata miti ya mihogo ya kupanda. Mti nimeushika kwa mkono wa kushoto, panga likateleza likaingia kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja. Nikafunga kwa khanga, nikatembea hadi barabarani, basi likanifikisha Korogwe, hospitali. Wewe ulikuwa unajiandaa na ule mtihani wako mkubwa, nikawakataza wote wasikuambie. Unisamehe.

Neva ilikuwa imekatika. Daktari akaishona, na binamu yako Mwanaisha akaniuguza wiki mbili kwake Masuguru. Nikarudi nyumbani na vidole vitatu visivyo vyangu: gumba, cha shahada na cha kati. Siku moja niliungua na sufuria, nikajua kwa harufu.

Daktari aliponieleza kwamba nyuzi za ndani ya neva huota upya kutoka kwenye jeraha kwenda vidoleni, kama milimita moja kwa siku, nilimwambia hayo mwanangu ndiyo anayoyasomea. Alishangaa sana. Nilikumbuka ulivyonichorea kwenye vumbi, siku ya arobaini ya marehemu mume wangu. Ulisema mtoto akiwa tumboni, ncha ya uzi hupapasa njia. Seli za pembeni hutoa ujumbe, nyingine zinauita uzi uje, nyingine zinaukataza. Ujumbe ukigusa ngozi ya seli yenye uzi, hupokezanwa ndani, huyu kwa huyu, mpaka uzi urefuke au urudi nyuma. Nilikuitikia tu, ndiyo, ndiyo. Moyo wangu siku ile haukuwepo. Laiti ningekuuliza, uzi uliokatwa ukubwani nao huitwa uje hivyo hivyo?

Kwa miezi mingi nilikuwa nahesabu milimita zangu jioni, mlangoni, maana hakuna wa kuzungumza naye. Mwezi wa nane vidole vikaanza kuwasha. Nililia kwa furaha, na sikuwa na wa kumwambia.

Wiki iliyopita nilirudi kliniki. Daktari akaniambia nifumbe macho.

“Nimekugusa wapi, mama?”

“Kidole cha kati.”

“Hebu fumbua.”

Alikuwa amenishika kidole cha shahada. Akasema nyuzi zimefika, ila baadhi zimepotea njia zikaingia kidole kisicho chao, na haziwezi kurudishwa. Ubongo ndio unaoweza kujifunza upya. Mtu anatakiwa kunigusa vidole kila siku, kwanza nikiangalia, halafu nimefumba macho, nami nitaje.

“Nyumbani unakaa na nani?” akaniuliza.

Nikamjibu, “Nina watu.”

Angekuwepo Mama Dorkasi jirani yangu ningemwomba, lakini alirudi kwao Mpale tangu mwezi wa sita. Nimejaribu mwenyewe kwa mkono wa kulia. Haisaidii. Mkono wa kulia hauwezi kunificha unapogusa.

Mwaka jana ulipotaka kuja Idi nilikukataza, nikasema masomo kwanza. Kusema kweli niliogopa ukija nitashindwa kukuaga. Sasa sikukatazi. Ukipata likizo, hata ya wiki moja, njoo. Tutakaa barazani, mimi nitafumba macho, wewe utanigusa vidole kimoja kimoja, na nikikosea utaniambia.

Mwanaisha anakusalimu sana, na Mzee Mustapha wa dukani huuliza habari zako kila nikipita. Mungu akutunze ugenini, akupe afya na watu wema wa kukaa nao.

Ni mimi nikupendaye na kukuwaza,
Shangazi yako Chausiku.